Mguu Mzito wa Breki

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nimeanza kazi ya kufungua geti. Miaka ishirini na saba watu wengine wamenifungulia mageti, nami nikapita nimeinua kidole kimoja juu ya usukani kama askofu anayebariki. Sasa zamu imenigeukia. Geti lenyewe ni zito, linakwaruza chini, na kabla ya saa nne lilikuwa limeshaniuma vidole viwili.

Naandika kwa sababu tangu asubuhi wamepita wageni wanne tu, na kwa sababu sitaki kusahau hata jambo moja. Mimi ni Isidori Komba, dereva wa shirika dogo la mbegu hapa Ruhuwiko. Mwezi wa nane tuliletewa gari jeupe lililotumika Japani, dashibodi yake imejaa maandishi kama nyayo za kuku aliyepita kwenye majivu. Niliendesha mimi. Mwezi uliopita Sixbert, afisa usafirishaji, akalifunga traka, kidude kinachomwambia kwenye simu gari liko wapi na kama injini inawaka au imezimwa. Haikupita wiki mbili akaingia kwa mkurugenzi na karatasi. Siku moja, kati ya Majengo na Mpitimbi, injini ilizimwa mara arobaini na moja.

"Mtu anazima gari mara arobaini na moja kufanya nini," akauliza, "kama si kupakia na kushusha abiria wake?"

Mkurugenzi wetu, Mama Imaculata, akanigeukia taratibu. "Mzee Isidori, hilo gari huwa linazimika?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ukweli ni kwamba lilikuwa likinyamaza karibu kila nikisimama, halafu nikitaka kuondoka linaamka lenyewe. Sikuelewa kwa nini. Lakini dereva gani wa umri wangu atasema mbele za watu kwamba gari linamzimikia? Kijiweni kwetu Majengo ukizimikiwa mara moja tu unapewa jina, na jina hilo unastaafu nalo. Nikavuta suruali juu nikasema, "Mama, gari halijawahi kuzima mikononi mwangu."

Traka inasema arobaini na moja, mimi nasema hakuna hata moja. Mama akavua miwani.

Kwa hiyo nina barua ya onyo la mwisho, na geti. Mwezi wa nne, masika yakielekea mwisho, kamati itakaa iamue kama nirudi kwenye usukani au niende nyumbani na jina la mwizi. Sixbert nitamlipa. Sijui kwa njia gani, ila nitamlipa.

Jumatano, 3 Desemba

Dereva mpya ameripoti. Anaitwa Remmy, miaka ishirini na tisa, shemeji yake Sixbert. Kanishika mkono kwa mikono miwili: "Shikamoo, mzee." Nikasema marahaba kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua kubwa. Mke wangu Oliva kamaliza kupanda mahindi kule Mpitimbi, kaniletea mgongo wake nimkande. Nimemkanda huku namfikiria Sixbert. Akaniambia nipunguze nguvu.

Alhamisi, 18 Desemba

Sixbert kabandika tangazo: gari likizimwa zaidi ya mara tano kwa siku, dereva atoe maelezo kwa maandishi. Takwimu za Remmy wiki hii: mara mbili, moja, sifuri, moja. Sixbert alipopita getini kwa pikipiki yake akapunguza mwendo makusudi.

"Umeona, mzee? Gari ni lile lile."

"Nimeona, bosi."

"Tatizo halikuwa gari."

Nikamfungulia. Nikafunga. Vidole vyangu vikabaki ndani ya geti.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kuku, pilau, mvua. Wakati wa kutakiana amani kanisani, Sixbert alikuwa benchi la nyuma yangu. Nikageuka nikampa mkono. Vidole viwili.

Jumatatu, 5 Januari

Hakuna la maana. Mvua.

Jumanne, 13 Januari

Leo nataka niandike polepole.

Jua lilitoka kama saa tano, la kwanza tangu mwaka uanze. Kwa kawaida nikisikia Remmy anakuja namfungulia mapema, si kwa upendo, ila nisimtazame usoni. Leo nilikuwa nakunywa chai nikachelewa. Sasa, geti letu liko juu ya mwinuko mdogo. Ukitoka barabarani unapanda kidogo, na ukisimamishwa pale ni lazima ukanyage breki sawasawa, la sivyo utarudi nyuma mpaka uwagonge watu wa bodaboda. Remmy akasimama. Gari likanyamaza.

Nikamtazama mikono. Yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Ufunguo hakuugusa. Kwenye dashibodi kukawaka kitaa cha kijani, kile kile nilichokuwa nakiona mimi nikidhani ni pambo la Kijapani. Nikafungua geti, akainua mguu, injini ikaamka yenyewe, akapita ananipungia.

Nikabaki na kikombe mkononi. Chai ikapoa.

Jumatano, 14 Januari

Niliomba ruhusa ya kwenda kwa daktari, nikaenda Majengo kwa Hamisi, fundi umeme wa magari. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mzee Isidori, huo si ugonjwa. Gari hilo limefundishwa kuzima lenyewe likisimama, lisichome mafuta bure. Ukiachia breki linajiwasha."

"Mbona kwa yule kijana halizimi?"

"Wewe unakanyagaje breki?"

Pembeni palikuwa na kopo tupu la rangi. Nikalikanyaga kumwonyesha. Likawa sahani.

"Ee! Wewe unaua nyoka!" Akawaita mafundi wenzake waje walione kopo.

Nikajitetea. Miaka kumi nilishuka mlima Lukumburu na lori ambalo breki zake zilikuwa za kuombea. Pale ukikanyaga kistaarabu unazikwa kistaarabu. Mguu ukazoea hivyo.

Basi Hamisi akanipa somo, nami nalinakili hapa. Gari la namna hii linasoma mguu. Ukikanyaga kwa kina na gari likasimama kabisa, linaelewa umetulia, linazima. Ukikanyaga kidogo tu, kiasi cha kulishikilia, linaelewa unasogea sasa hivi, linaendelea kunguruma. Kwenye foleni ya kusogea-simama ukanyage kidogo, usichoshe stata na betri. Pa kusubiri muda mrefu ukanyage kwa kina, lipumzike. Na siku ya mvua, ukiwasha kiyoyozi kufuta ukungu wa kioo, halizimi hata ukanyage vipi, maana kiyoyozi kinadai injini.

"Na traka?"

"Hiyo ya kwenu nimeiona. Ya bei rahisi, imeunganishwa kwenye betri tu. Inasikiliza nguvu ya umeme. Injini ikinyamaza umeme unashuka, nayo inaandika: imezimwa. Haijui aliyezima ni dereva au gari."

Kwa hiyo sikuwa mwizi. Nilikuwa na mguu mzito tu, na mdomo mwepesi wa kukana.

Nikarudi ofisini mbio, nikafika mpaka mlangoni kwa Mama Imaculata, mkono nimeshauinua kubisha hodi. Nikamsikia Sixbert ndani anacheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyelala usingizi mzuri.

Nikashusha mkono. Nikarudi getini.

Jumanne, 20 Januari

Utaratibu mpya hapa getini, nimeutunga mimi. Geti linabaki limefungwa mpaka gari lisimame kabisa juu ya mwinuko. Ndipo natoka, nazunguka, natazama matairi, nauliza habari za nyumbani. Injini kimya. Kutoka, vivyo hivyo. Remmy anaingia mara nne, anatoka mara nne. Nane. Tangazo la Sixbert linasema tano.

Nilimwambia Oliva ni ushahidi nakusanya.

"Ushahidi unahitaji siku moja, Baba Noela."

"Wiki moja."

Noela ni binti yetu, yuko chuo Iringa; mama yake akinitaja kwa jina la mtoto kwa sauti ile, najua kesi imekwisha na nimeshindwa.

Alhamisi, 29 Januari

Nane, nane, tisa, nane. Sixbert kamwita shemeji yake ofisini. Sauti zilifika mpaka hapa. Nimekula ugali sahani mbili.

Jumatano, 4 Februari

Mvua siku tatu mfululizo. Remmy anawasha kiyoyozi kufuta kioo, injini haizimi, takwimu zimerudi sifuri. Nimekaa chini ya bati naitukana mvua kimyakimya.

Jumatano, 11 Februari

Jua kali wiki nzima. Kumi. Nane. Tisa.

Jumapili, 15 Februari

Mpitimbi shambani. Mahindi yamejikunja majani kama mtu aliyejifunika shuka. Majirani wote wanatazama juu. Padri kaombea mvua, kanisa zima likaitikia, mimi nikakohoa.

Tukiwa njiani kurudi Oliva kaniuliza, "Watu wote wanalia na jua, wewe mbona unapiga mluzi?"

Sikujua kama napiga mluzi.

Jumatatu, 16 Februari

Remmy kaja getini na karatasi tupu, kakaa kwenye benchi langu. Macho mekundu.

"Mzee, samahani. Shemeji anataka maelezo ya tatu. Mimi sijui niandike nini. Gari linazima lenyewe, nikimwambia ananiita mwongo. Ananiambia hata Mzee Isidori alikuwa mwizi lakini hakuja na hadithi za namna hiyo."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mzee. Wewe uliandika nini wakati wako?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Najua. Kijana kakaa karibu yangu mpaka nasikia harufu ya sabuni yake. Mkewe ni mwalimu wa muda Mpitimbi, wana pacha wa miezi sita. Kazi hii ndiyo imewapangishia chumba. Nikachukua kalamu nikamwandikia maelezo. Niliandika vizuri sana, kwa adabu, aya tatu, bila kusema lolote. Akashukuru.



Jumanne, 17 Februari

Remmy kaniletea buti zake za mvua. "Ninazo jozi mbili, mzee, na mvua ikirudi utasimama kwenye maji." Zinanitosha.

Nimemsimamisha mara nane.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nilisimama kwenye mstari, Remmy mbele yangu, kambeba pacha mmoja. Mtoto kanitazama kwa juu ya bega la baba yake muda wote, kama anayejua. Nimepakwa majivu. Nikaja kazini nayo usoni. Mara saba, moja nilimsamehe kwa heshima ya siku.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imerudi. Mahindi ya chini yamepona, ya juu kwenye mwinuko yamekwisha. Oliva kaleta gunzi moja kavu, kaliweka mezani karibu na sahani yangu, akaenda kufua.

Jumanne, 10 Machi

Sixbert anaeleza wafanyakazi kwenye chai, kwa sauti ya mtaalamu: "Mnaona? Siku za mvua takwimu zinashuka. Kwa nini? Abiria wanakuwa wamejificha mvua. Wizi unafuata hali ya hewa!"

Watu wakatikisa vichwa kwa kuvutiwa. Nilitamani nimpigie makofi. Mpumbavu wa kiwango hiki unamkuta mara chache, na mimi ninaye wa kwangu.

Lakini nimegundua jambo linaloniudhi. Nilipoanza, kila Remmy akizimikiwa nilikuwa namwona Sixbert. Siku hizi namwona Remmy.

Jumanne, 17 Machi

Remmy kapewa barua ya onyo la mwisho. Maneno yale yale ya kwangu, wamebadilisha jina tu. Kamati itatusikiliza wote wawili siku moja, tarehe nane Aprili. Dada yake Remmy, yaani mke wa Sixbert, hasemi na mumewe. Afisa usafirishaji anakuja kazini na shati halijapigwa pasi. Hilo la pasi limenifurahisha kidogo. Mengine hapana.

Leo nimefungua geti mapema. Sifuri.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kuungama. Nikamweleza padri kwamba nimemtendea mtu ubaya.

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Baba, kama mara mia tatu na kidogo. Kuna mashine inajua hesabu kamili."

Halafu akasema malipizi yangu ni kumwambia mhusika kwa mdomo wangu. Nikamwuliza kama rozari tatu haziwezi kutosha. Akasema anayenisubiri nyuma yangu ana haraka.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Sikumwambia Remmy. Alikuwa amevaa vizuri.

Jumatano, 8 Aprili

Asubuhi mvua ilinyesha nikajua nimekwisha, maana mpango wangu ulihitaji jua. Saa nne ikakatika.

Kamati ilikuwa watu wanne, Mama Imaculata katikati. Sixbert akasoma takwimu zake, zangu kisha za Remmy, kama anasoma majina ya marehemu. Remmy kasimama karibu yangu, mikono nyuma. Nikaulizwa kama nina la kusema.

"Mama, mimi mwaka jana nilisema uongo hapa. Gari lilikuwa linazimika. Niliona aibu."

Sixbert akapiga meza. "Si mnaona!"

"Ninaomba jambo moja. Sixbert mwenyewe aendeshe. Leseni anayo. Kutoka hapa mpaka Majengo na kurudi, na Mama ashike simu ya traka."

Sixbert akasema kazi yake si kuendesha. Mama akasema leo ndiyo kazi yake.

Sasa, Sixbert ni mtu wa pikipiki. Gari analiendesha kwenye harusi. Na mtu asiyezoea, akiwa na mkurugenzi pembeni na mimi na Remmy nyuma tunamtazama kisogo, anakanyaga breki kwa moyo wake wote. Tulipofika tuta la kwanza injini ikanyamaza. Simu ikalia ti! Kwa bodaboda aliyekatiza: ti! Kwa mama wa ndizi: ti! Mbuzi: ti! Karibu na soko, watu wanakatiza kila upande, ikawa kama kengele ya misa. Manyunyu yakaanza, kioo kikashika ukungu, mkono wa Sixbert ukaenda kwenye kiyoyozi.

"Acha hicho," nikasema kutoka nyuma, "kinaniumiza kifua. Fungua tu dirisha."

Akafungua dirisha. Akalowa bega. Ti!

Tulirudi ofisini na mara ishirini na tatu. Sixbert anatoka jasho, shati lisilopigwa pasi limemganda mgongoni. Mama hakushuka. Akamwonyesha simu.

"Sixbert."

"Naam, Mama."

"Abiria ishirini na tatu umewashusha wapi? Mimi nimekaa hapa hapa, sijaona hata mmoja."

Nimesubiri sentensi hiyo miezi minne na wiki moja. Ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia, na nilitarajia mengi. Nikaeleza kila kitu alichonifundisha Hamisi: mguu, mwinuko, kiyoyozi, betri. Sixbert alikuwa anaangalia kanyagio la breki kama limemtukana. Nikafika mpaka mwisho, nikajiegemeza kwenye kiti.

"Vizuri," akasema Mama. "Na hayo umeyajua tangu lini?"

Remmy akageuza shingo.

Ningeweza kusema jana. Neno lilikuwa pale mdomoni, limeshavaa viatu.

"Tangu tarehe kumi na nne Januari."

Nilimwona Remmy anahesabu. Januari, Februari, geti, matairi, habari za nyumbani. Alipomaliza akasema taratibu, "Mzee. Yale maelezo yangu uliniandikia wewe."

"Ndiyo."

"Kwa mwandiko wako."

"Ndiyo, mwanangu."

Akafungua mlango akashuka. Buti zake nilikuwa nimezivaa.

Ijumaa, 10 Aprili

Barua imesomwa mbele ya wafanyakazi wote: mimi si mwizi, Remmy si mwizi. Sixbert kaomba radhi kwa sauti, mara mbili, maana mara ya kwanza nilisema sijasikia vizuri. Traka sasa iko kwa Mama.

Kuhusu usukani, Mama kaniita pembeni. "Wewe ulikosewa na Sixbert, na Sixbert kalipa. Huyu kijana kakosewa na wewe. Yeye ndiye atasema kama unarudi kuendesha au unabaki getini. Mimi sitatia neno."

Nilikwenda kwa Remmy nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu, kama padri alivyotaka, nikamtajia na hesabu: mara mia tatu na kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Jumatatu."

Jumatatu, 13 Aprili

Saa mbili kamili Remmy akaja getini na funguo. Hakunipa shikamoo.

"Mwanafunzi, habari za asubuhi?"

"Nzuri... mwalimu."

"Utarudi kuendesha. Lakini mwezi mzima nakaa pembeni, nakufundisha kukanyaga breki. Ukifaulu, tutagawana zamu."

Nikasema ni haki. Nilikuwa sijaona kilichofungwa mbele ya gari. Kipande cha boksi, kirefu kama mkono, kimechorwa herufi L nyekundu. Nyuma kingine, kikubwa zaidi. Kavichora yeye, na mkewe mwalimu kanyoosha mistari kwa rula.

"Remmy, mwanangu, tupite njia ya nyuma."

"Tunapita Majengo."

Tukapita Majengo. Kijiweni kwa madereva niliowatania miaka ishirini na saba, walikuwa wamejipanga. Kuna mtu aliwaambia, na namjua. "Mzee Isidori, umefika darasa la ngapi?" "Usisahau kofia ya shule!" Hamisi katoka na lile kopo lililopondeka kalishika juu kama kombe. Watu walikuwa wanakatiza, nikakanyaga. Injini ikanyamaza.

"Laini, mzee," akasema Remmy bila kunitazama. "Laini."

Nikaachia. Tukasogea hatua kumi, mkokoteni ukatuziba. Nikaweka mguu kama mtu anayekanyaga kitanda chenye mtoto aliyelala. Gari likasimama. Injini ikaendelea kupumua chini ya viatu vyangu, taratibu, na kijiwe kizima kikatazama kimya kusikiliza kama itazimika.

Haikuzimika.

"Hiyo moja," akasema Remmy. Nikaona upande wa mdomo wake umetaka kucheka, akaukaza. "Zimebaki mia tatu na kidogo. Zunguka, turudie kijiweni."